Nyumba za Penseli

Kila asubuhi, kabla ya kuoga, Rula alipiga deki. Alianzia kando ya kitanda cha mama yake, akafuata nyayo hadi mlangoni, akapita nazo sebuleni, akakata kona jikoni, akaishia kwenye dirisha ambako mama alipenda kusimama akitazama watu wanavyokimbilia kazini. Nyayo zilikuwa za maji. Miguu ya mama haikuwa imekauka tangu siku alipohamishwa kutoka kinamasini, na sasa ilikuwa imetimia miaka ishirini na sita. Madaktari watatu walikwishaitazama. Wa kwanza aliandika poda, wa pili akaandika viatu vya wazi. Wa tatu, mtu mzima aliyeona mengi, aliyagusa maji hayo kwa ncha ya kidole, akayanusa, akasema ni maji ya kawaida, yana tope kidogo, na mgonjwa asisumbuliwe kwa kitu kisichomuuma.

Kweli hayakumuuma. Yalimuuma jirani wa ghorofa ya chini, aliyepanda mara moja kwa mwezi kulalamikia dari yake, akakaribishwa kiti, akapiga soga na mama, akashuka amesahau kilichompandisha. Na yalimgharimu Rula ndoa. Wachumba wawili waliwahi kuletwa nyumbani kutambulishwa, na wote wawili waliteleza palepale sebuleni. Wa kwanza alivunja mkono, wa pili akavunja uchumba.

"Oa bata, mwanangu," mama alimwambia. "Huyo ndiye atakayetuweza."

Jina la Rula alipewa kazini, kwenye ofisi ya mipango miji, alikokuwa mchora ramani. Mistari yake ilinyooka hata bila kuongozwa na kitu, na mwenyewe alikuwa hivyohivyo: mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache ambayo mengi yake yalikuwa vipimo.

Jumatatu moja Mkuu wa Mipango alimwita ofisini kwake.

"Mzee wangu, leo nina kazi tamu. Wawekezaji wanataka mji. Siyo mji kama huu wetu wa vumbi. Mji juu ya maji, pale kinamasini. Mifereji, madaraja, watu waende benki kwa boti. Mji wa ndoto. Maonyesho ni baada ya wiki tatu."

"Pale kinamasini," Rula akasema.

"Palepale. Chora unachotaka, mradi kipendeze. Hakuna wa kukuzuia, pale ni patupu." Mkuu akakunjua ramani ya zamani, akaipigapiga kwa kiganja sehemu yake nyeupe. "Si unaona mwenyewe? Tena umeichora wewe."

Rula aliona. Ni kweli aliichora yeye.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake. Kilichokaa juu ya ardhi kilichorwa kwa wino. Kilichosimama juu ya maji kilichorwa kwa penseli, kwa sababu maji hupanda na kushuka, na hakuna ajuaye nyumba ya nguzo itaamkia wapi kesho. Kisha, kabla ramani haijagongwa muhuri, penseli yote ilifutwa ili karatasi iwe safi. Hakuna aliyejua nani aliuanzisha utaratibu huo. Ulikutwa ofisini pamoja na makabati. Rula alipoajiriwa, kijana wa miaka ishirini na minne, alipewa karatasi ya kinamasi kwa kuwa alizaliwa huko na asingepotea. Alizunguka na mtumbwi siku tisa, akachora nyumba mia mbili na kumi na mbili, kila moja na ngazi yake, na ya mama yake akaipamba kuliko zote. Ndipo akaambiwa asafishe karatasi. Alidhani nyumba zile zimeshanakiliwa mahali pengine, maana haikumwingia akilini kwamba mtu atumwe kazi ya siku tisa ili aje kuifuta. Alifuta tangu baada ya chakula cha mchana hadi saa kumi na moja, raba moja na nusu. Alisifiwa kwa usafi.

Miezi minne baadaye maafisa walikwenda kinamasini na karatasi ile, ina muhuri. Watu walikuwa wamesimama kwenye vibaraza vyao, wengine na watoto mgongoni, wakaonyeshwa ramani na kuelezwa kwa upole kwamba pale haishi mtu. Waliitazama ikizunguka mikononi mwao, na kweli haikuwa na mtu. Wakapakiwa kwenye malori wakapelekwa mlimani, kwenye mawe, na kwa kuwa hawakuwa wametolewa popote, hakuna aliyekuwa na cha kudai. Rula alimchukua mama yake wakakae wote mjini. Hakumwambia mkono uliofuta ulikuwa wa nani. Kwa miaka ishirini na sita alitaka kumwambia, na kila alipofungua mdomo alijikuta akimwuliza kama amelala vizuri.

Aliuanza mji wake Jumanne, kwa mifereji. Jumatano mfereji mkuu ulikuwa na maji. Hayakuwa mengi, ya kulowesha kitambaa tu. Aliyakausha kwa karatasi ya kukaushia wino, nayo yakarudi hadi palepale alipochora usawa wake, wala hayakuzidi. Alhamisi yalikuwa na mkondo. Ijumaa chura akalia chini ya daraja la tatu, na karani wa masijala, mwanamke wa meza ya pili, akainua macho kutoka kwenye mafaili.

"Kaka Rula, huo mji wako utapiga kelele mpaka saa ngapi?"

"Akipata mwenzake atanyamaza."

"Si umchoree basi. Na uweke sinia chini. Mimi nikiulizwa faili limeloweshwa na nini, nijibu nini? Ramani?"

Akamchorea chura mwenzake, na wakanyamaza wote wawili, shughuli zao wakijua wenyewe. Karani aliazima sinia kubwa la bati jikoni kwa wapika chai, likawekwa chini ya karatasi, na kazi ikaendelea.

Ila mji haukupendeza. Rula hakuwa mtu wa kujidanganya. Madaraja yalinyooka, minara ilinyooka, na hapakuwa na dirisha hata moja ambalo mtu angetaka kuchungulia. Jumamosi aliubeba nyumbani pamoja na sinia lake, kwa miguu, ameushika kwa mikono miwili kama anayempelekea mgonjwa supu, akautua kwenye meza ya chakula.

Mama alitoka dirishani, chapa, chapa, akavaa miwani.

"Nani aliyekuchorea uchafu huu?"

"Nimechora mwenyewe, mama."

"Huu ni mji wa watu wasiofua nguo." Akashusha kidole. "Mkondo unatoka huku. Vyoo umeviweka juu, pa kuteka maji umepaweka chini. Utawanywesha watu nini? Na hili daraja mbona limejikunja kama paka aliyekasirika? Mjamzito apite wapi? Mwenye goti bovu je?"

"Limewekwa lipendeze tu."

"Lipendeze likiwa limelala. Futa."

Neno lile lilimchoma, lakini akafuta.

Walifanya kazi kutwa nzima, yeye amekaa, mama amesimama nyuma ya bega lake, dimbwi likikua chini ya kiti. Mama hakuwahi kushika penseli maishani mwake ila mji aliujua. Milango itazame maji yanakokwenda, ili asubuhi usipokee takataka za jirani kabla ya salamu zake. Madirisha ya jikoni yatazamane, umbali wa mkono kwa mkono, chumvi ipite bila mtu kupanda mtumbwi. Na kila nyumba iwe na nguzo moja ya ziada mbele, isiyobeba kitu, ya mgeni kufungia mtumbwi wake.

"Nyumba isiyo na nguzo ya mgeni ni sanduku," alisema.

Kisha akaanza kuwapanga watu. "Hapa Mama Pacha. Fundi Mitumbwi msogeze kule, nyundo yake haina adabu. Babu Redio mpe kibaraza kikubwa, nusu ya kijiji hukaa kwake saa ya habari." Aliwakumbuka wote, walioko mlimani na walioko makaburini, hakubagua. Alipofika kwa wanawake wawili ambao hawakusalimiana tangu ujana wao, Rula alipendekeza awaweke mbalimbali.

"Usithubutu! Waweke ukuta kwa ukuta. Ukiwatenganisha utawakosesha kazi."

Akaongeza na vile ambavyo kinamasi kilivitamani siku zote kisivipate: shule ya kuelea, na zahanati yenye boti yake. Benki ya wawekezaji aliikubali, ila akaelekeza ikae upande wa mbu.

Jumapili asubuhi zilikuwa zimesimama nyumba mia mbili na kumi na moja. Ikabaki ya mama. Rula akachonga penseli, akainama, na mama akamshika kifundo cha mkono.

"Nikuulize. Mifereji umepiga wino. Madaraja wino. Mpaka benki umeipiga wino. Sisi wote umetuchora kwa penseli. Kwa nini?"

Rula alitazama karatasi. Ni kweli. Mkono wake ulikuwa umefuata utaratibu wenyewe, bila kumwuliza.

"Mama," akasema, "ni mimi niliyefuta."

Na safari hii hakuuliza kama amelala vizuri. Alisema yote, siku tisa za mtumbwi, raba moja na nusu, sifa alizopewa, shati jipya alilovaa siku ile aliposifiwa. Alilia mzee mzima wa miaka hamsini, kamasi na machozi. Alikuwa ameyabeba muda mrefu mno, na yalipotoka yalimwacha mtupu na mwenye aibu.

Mama alimwacha amalize.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Siku ile karatasi ilipofika mikononi mwangu, niliiinua juani. Penseli ukiifuta, mchoro unabaki kwenye karatasi, kama kovu. Nikawaona wote. Nikaiona nyumba yangu, ngazi yake vidato saba, cha tatu kimevunjika. Nani mwingine angejua cha tatu kimevunjika? Si wewe uliyekivunja, unaruka kama mbuzi?"

"Miaka yote hii, mama, na hukusema."

"Ningesema ungekula? Ungelala? Ulivyo mwembamba hivyo, ukikosa chakula cha siku moja si tutakutafuta kwa taa? Nikasema acha, siku yake atasema mwenyewe. Nilidhani utachukua mwaka." Akamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Na usifikiri sikukasirika. Nilikasirika miaka minne, kila nilipokusikia unapiga deki. Halafu nikachoka. Ulikuwa unadeki vizuri."

Rula akacheka huku analia, jambo ambalo halimpendezi mtu yeyote, na mama akamwambia hivyo.

"Haya, lete wino. Anza na kwangu."

Akaleta wino. Alipofika kwenye ngazi akasita. "Nikitengeneze kidato cha tatu?"

"Kiache. Nimekizoea."

Wino ulipokauka kwenye paa, moshi mwembamba ulitoka jikoni, kwa kuwa mama siku zote aliacha jiko limefunikwa majivu. Alipopiga wino kwa Mama Pacha, kamba ya nguo ikajaa nguo za watoto, mbilimbili. Babu Redio alikuwa tayari kibarazani akizungusha kitufe cha redio yake, ikikoroma. Waliokuwa mlimani walifika na mabegi, waliokuwa makaburini walifika mikono mitupu, na wote walianza kwa kufagia. Ukuta kwa ukuta, wale wanawake wawili walitazamana, wakageuza nyuso, wakaridhika. Kufika saa tisa alasiri nyumba zote mia mbili na kumi na mbili zilikuwa za wino.

Mama alikuwa chumbani akifunga furushi lake. Alitoka na sufuria moja, mto, kigoda na miwani ya akiba.

"Unakwenda leo leo?" Rula aliuliza.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Lete kiti."

Aliuweka mguu wa kwanza kitini, wa pili mezani, na Rula akamshika kiwiko. Kilikuwa chepesi. Alitamani kumwambia abaki hadi kesho, kwamba nyumba yao ya ghorofani nayo ni nyumba, lakini alitazama ile miguu, akaona haya kuomba. Mama aliushusha mguu kwenye mfereji, mbele ya ngazi yake, akaguna kama mtu anayekaa baada ya safari ndefu. Maji yalimfika vifundoni. Kufikia hapo alikuwa na kimo cha mlango wake. Akapanda, akaruka kidato cha tatu bila kukitazama, akaweka kigoda kibarazani.

"Usinifunike na vitabu vyako!" aliita kutoka kule, sauti ndogo lakini inasikika. "Na hiyo sakafu, iache ipumzike."

Jumatatu Rula aliamka akakuta sakafu ni kavu kutoka ukuta hadi ukuta. Alikaa jikoni na dekio mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alichelewa kazini.

Kwenye maonyesho mji wake ulitia fora. Wawekezaji waliuzunguka wakiwa na vikombe mikononi, wakainama, wakaonyeshana watoto waliokuwa wakiogelea karibu na shule. Mmoja aliuliza ule moshi ni wa nini, Rula akamjibu kwamba wanapika. Yule bwana alisema ni vizuri sana, kinachokosekana siku zote kwenye michoro ya namna hii ni uhai. Wakakubaliana papo hapo kwamba ujenzi uanze.

Ikabaki fomu. Mkuu wa Mipango alimpa Rula aijaze, na penye swali la wakazi waliopo kwenye eneo, Rula aliandika kaya mia mbili na kumi na mbili, akaambatisha orodha yao, nyumba kwa nyumba, kwa wino. Mkuu aliisoma yote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kawaida ya kuwaulizia wazazi wa wafanyakazi wake, na alikuwa akisubiri majibu.

"Mzee wangu, hawa si wako kwenye karatasi?"

"Wako kwenye karatasi, Mkuu."

"Fomu inauliza walioko kinamasini."

"Walipokuwa kinamasini, Mkuu, waliulizwa kama wako kwenye karatasi."

Mkuu alifungua kalamu, akaifunga, akaifungua tena. Hatimaye akakata mstari mmoja juu ya ile namba, na pembeni akaandika kwa mwandiko mzuri: Hakuna. Kisha, kwa kuwa alimheshimu Rula, alimweleza hatua itakayofuata. Mji juu ya maji hauwezi kujengwa kwenye maji, mitambo itazama. Kwanza kinamasi kijazwe kifusi hadi kikauke vizuri, kishindiliwe, ndipo mji ujengwe.

"Na maji?" Rula aliuliza.

"Yataletwa baadaye. Kwa bomba."

Malori yalianza Jumatano. Yalionekana kutoka dirishani mwa ofisi, yamejipanga barabarani, yakirudi kinyumenyume moja moja hadi ukingoni na kumwaga. Ramani ilikuwa imerudi kutoka kwenye maonyesho, na kwa kuwa hakuna droo iliyoikubali, ilikaa juu ya meza ya Rula ndani ya sinia lake. Saa nne karani wa masijala alipita kuchukua gundi, akasimama.

"Kaka, maji yanapanda huku."

Yalikuwa yanapanda. Kila kifusi kilipomwagwa kule, maji yaliyofukuzwa yalitafuta pa kwenda, na palikuwa pamechorwa mahali pamoja tu. Yalikuwa yamefika kidato cha pili cha ngazi. Wale wanawake wawili walikuwa wanapandisha magunia juu ya dari zao, na bila kusalimiana walikuwa wanapokezana.

Rula alifungua chupa ya wino. Kuinua nyumba ya nguzo hakuhitaji ufundi wa ajabu. Unarefusha nguzo kuanzia chini, upana wa unywele, zote kwa mkupuo mmoja ili nyumba isilale upande. Alianza na zilizo bondeni. Fundi Mitumbwi alizunguka na mtumbwi mbele ya kalamu yake, akimshikia kila nguzo wima hadi wino ushike, akimwashiria kwa mkono aende nyumba ya pili. Mkuu alipita, akatazama kidogo, akamwambia karani aandike kwamba mchoro uko kwenye matengenezo. Mchana malori yalipumzika, na Rula akapumzika. Yalipoanza, akaanza.

Ikawa hivyo Alhamisi, ikawa hivyo wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Mkandarasi alisema kinamasi kile ni kirefu kuliko kilivyoonekana, kazi itachukua miaka. Karani aliagiza wino katoni nzima na hakuulizwa na mtu.

Alasiri moja Rula alifika kwenye nyumba ya mama yake. Maji yalikuwa yameshika kidato cha sita. Aliipangusa ncha ya kalamu, akainama, akabana pumzi, akaigusa nguzo ya kwanza. Mama alikuwa kibarazani, kikombe mkononi, akizungumza na jirani wa dirisha la pili.

"Taratibu, baba," akasema bila kugeuka. "Unanimwagia chai."

Nje lori lilirudi kinyumenyume, likamwaga. Rula aliinua kalamu, akangoja mama anywe kwanza.